Mafuta ya makonyo, mchaichai na mkaratusi kwenye nyanya: mwongozo kamili wa kupiga kantangaze na nzi weupe bila kuunguza shamba

Mara ya kwanza najaribu mafuta ya makonyo (vile vijiti vinavyobaki ukishachambua karafuu) kwenye nyanya niliunguza mistari mitatu ya mwanzo, majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto, halafu mistari yote iliyobaki nzi weupe wakaendelea na maisha yao kama hakuna kilichotokea. Nikasema hii kitu ni utapeli. Nilikaa kama wiki mbili ndo nikaja kuelewa kilichotokea: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, na bomba la mgongoni linanyonya kutokea chini. Kwahiyo mistari ya mwanzo nilipiga mafuta karibu matupu na huko mbele nikapiga maji. Mwenzangu mmoja yeye alitumia mchaichai, ule unaelea juu, na yeye akaunguza mistari ya mwisho. Ukiona shamba limeungua upande mmoja tu ujue ni hilo, dawa haikuchanganyika.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wengi wakiona haijafanya kazi wanaongeza kipimo, na kuongeza kipimo ndo kosa kubwa kuliko yote. Haya mafuta yakizidi yanaua jani kabla ya mdudu, kuna nchi mafuta ya karafuu yanauzwa kama dawa ya kuunguza magugu. Utashinda kwa kuchanganya vizuri na kwa kupiga muda sahihi, ukali wa dawa unakuja nyuma huko.

Kwanza tuelewane tunaongelea mafuta gani

Ni yale mafuta yenye harufu kali yanayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua au vikonyo, halafu mvuke unapozwa. Makonyo, mchaichai, mkaratusi, kivumbasi, maganda ya machungwa. Ukidondoshea kwenye karatasi yanaondoka yenyewe hewani. Mafuta ya mwarobaini sio kundi hili, yale yanakamuliwa kwenye mbegu, ni mazito, hayapai, na kazi yake ni nyingine: yanamkosesha mdudu hamu ya kula na yanamvuruga asiweze kujivua ngozi na kukua. Vyote viwili vizuri na nitavikutanisha huko mbele, ila usivichukulie kama kitu kimoja.

Makonyo yana kemikali inayoitwa yujenoli kwa wingi sana, mchaichai una nyingine inaitwa sitrali, mkaratusi una sineoli. Hizi zinaingia kwenye mwili wa mdudu mdogo kupitia ngozi na matundu yake ya kupumulia na kuvuruga mishipa ya fahamu, na mojawapo ya sehemu inayoguswa na yujenoli ni ya kemikali inayoitwa oktopamini ambayo wadudu wanaitegemea sana kuliko sisi. Ndo maana nzi mweupe anadondoka na wewe uliyeshika bomba unabaki na harufu ya pilau tu. Lakini lazima imguse. Hakuna kufyonzwa na mmea, hakuna kubaki siku 14. Jua likipiga kesho yake sehemu kubwa imeshapaa.

Adui unamjua?

Kantangaze, kwa jina la kisayansi Tuta absoluta, asili yake ni Amerika Kusini, Hispania alionekana 2006 na kwetu Tanzania aliingia 2014, akaanzia kaskazini upande wa Arusha. Mama yake ni kipepeo mdogo wa kijivu, kama milimita 6 hivi, mchana amejificha, jioni na alfajiri ndo anatembea. Mmoja anaweza kutaga mpaka mayai 260, anayapachika chini ya majani na kwenye vikonyo vichanga, siku nne mpaka sita yanaanguliwa, funza anatembea kidogo juu ya jani halafu anatoboa na kuingia ndani. Hapo akishaingia anakula nyama ya jani anaacha ngozi mbili kama karatasi ya nailoni, ndani unaona vinyesi vyeusi. Baadae anaingia kwenye tunda, mara nyingi anapita pale kwenye kikonyo ambapo huoni.

Sasa fikiria dawa inayotaka kumgusa mdudu. Funza aliye ndani ya jani humpati. Aliye ndani ya nyanya ndo kabisa. Unampata kipepeo, unapata mayai, na unampata funza kwenye yale masaa machache anayotembea nje akitafuta pa kuingilia. Dirisha ni dogo. Ndo maana mtu anayesubiri aone majani yamekauka ndo apige mafuta anapoteza hela yake, na heri yake hiyo hela angenunulia mtego.

Nzi weupe ndo walaini kidogo, wamekaa nje chini ya jani, na hao ndo wanaoleta rasta, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa ya njano mche ukadumaa. Mafuta yanaua nzi, ila mche ulioshapata rasta hauponi kwa dawa yoyote, ng'oa. Utitiri mwekundu nao unapigika vizuri, sana sana kiangazi, na vidukari ndo rahisi kuliko wote. Magonjwa kama bakajani na mnyauko, na minyoo fundo ya kwenye mizizi, hayo sahau, haya mafuta sio ya huko.

Hatua ya 1: pata mafuta ya kweli

Kwa Zanzibar kuna kiwanda cha makonyo kule Wawi, Chake Chake, Pemba, cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, wanakamua makonyo na mchaichai na mkaratusi. Bara mafuta yapo kwenye maduka ya dawa za asili na vipodozi ila hapo ndo pa kuwa makini, mengi yameongezewa mafuta ya kupikia. Kupima ni kazi ya dakika moja. Chukua glasi ya maji, dondosha tone la mafuta ya karafuu: likizama ni dalili nzuri, likielea huenda limechakachuliwa. Mchaichai na mkaratusi wenyewe unaelea hata ukiwa safi, hao wapime kwa karatasi nyeupe, dondosha tone, rudi kesho yake, kama imebaki alama ya grisi kama ya chapati ujue umeuziwa alizeti kwa bei ya dawa.

Usinunue chupa zile ndogo za mililita 10 za kupaka ukategemea kulima nazo. Tafuta lita au nusu lita.

Hatua ya 2: au kamua mwenyewe

Sisi wa Morogoro tuna bahati ya ajabu, mlima mmoja wa Uluguru, upande wa Matombo, Mkuyuni na Kinole wanalima karafuu, ukizunguka upande wa Mlali na Mgeta wanalima nyanya na mboga. Makonyo wengine wanaona ni takataka. Tanga upande wa Amani Muheza nako karafuu zipo.

Mtambo wenyewe, niseme ukweli, ni kama wa gongo. Sufuria kubwa au pipa lenye mfuniko unaobana, bomba la shaba au la chuma kisichoshika kutu linatoka kwenye mfuniko, linapita kwenye ndoo ya maji ya baridi, linatokea kwenye chupa. Mfuniko unazibwa kwa ugali mgumu wa unga wa ngano pembeni. Ushauri wa bure: mwambie mwenyekiti wa kitongoji kabla hujawasha moto, maana ukionekana umekaa uani na mtambo kama ule, mgambo hatasubiri umweleze habari za nyanya.

Twanga makonyo yavunjike vunjike, usisage unga. Maji yawe mara tatu au nne ya ujazo. Weka wavu au chekeche chini ili makonyo yasigande kwenye kitako. Moto mdogo wa kudumu. Kitakachotoka ni maji meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, na chini kabisa ya chupa utaona mafuta ya njano yamelala, hayo ndo yenyewe. Yale maji meupe usimwage, yarudishe kwenye sufuria, yana mafuta bado. Makonyo ni mabishi, yanataka nusu siku na zaidi, kilo moja makavu ukipata mililita 50 umefanya vizuri. Mchaichai unawahi, masaa mawili matatu, ila unatoa kidogo: kilo 10 za majani mabichi unapata kama mililita 30 mpaka 50, na mafuta yako yanakaa juu.

Mambo mawili usicheze nayo. Lile bomba lisizibe kamwe, likiziba sufuria inageuka bomu, kwahiyo angalia mvuke unatoka muda wote. Na chupa ya kukingia ikae mbali na moto, mvuke wa mkaratusi unashika moto.

Hatua ya 3: kuchanganya, hapa ndo kazi ilipo

Vipimo vyangu kwa bomba la lita 15:

Mafuta ya makonyo mililita 25. Mafuta ya alizeti ya kawaida ya kupikia mililita 25. Sabuni ya mche kipande kama kidole gumba, kama gramu 30.

Ukitumia mchaichai au mkaratusi badala ya makonyo, kipimo cha kawaida kinaweza kufika mililita 35. Kwa makonyo mimi sijawahi kuvuka 45 kwenye bomba na sikushauri uvuke, na hiyo 45 ni kwa mmea mkubwa uliokomaa, jioni ya baridi. Pima kwa sirinji ya duka la dawa, tafadhali, mambo ya "vifuniko viwili" ndo yaliyonifikisha kule mwanzo.

Alizeti inafanya kazi mbili, inafanya yale ya harufu yasipae haraka, na yenyewe inaziba pumzi ya utitiri na mayai. Sabuni ndo inayounganisha mafuta na maji. Kwanini sabuni ya mche na sio ya unga? Ya unga ina madawa ya kung'arisha na chumvi nyingi, inaunguza. Na ile ya maji ya kwenye madumu mtaani huwezi kujua kaweka nini humo.

Kwangua sabuni usiku, loweka kwenye nusu lita ya maji ya moto. Jioni yake ukitaka kupiga, ipashe iwe vuguvugu maana ikipoa inaganda kama uji. Mimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, weka mafuta yote mawili, funga, tikisa kwa nguvu dakika tatu nzima, sio kutikisa kwa adabu, tikisa kama unatoa siagi. Itakuwa nyeupe kama tui la nazi. Iache dakika 20 juu ya jiwe uangalie. Ikibaki nyeupe vile vile, safi. Ukiona duara la mafuta juu au matone ya njano chini, sabuni haijatosha, ongeza kidogo tikisa tena. Usiende shamba na chupa iliyojitenga.

Maji nayo yanaharibu watu bila kujua. Maji ya kisima yale ambayo ukifulia sabuni haitoi povu inatoa utando mweupe, hayo yanaua sabuni na mchanganyiko wako unakatika. Tumia ya mvua au ya mto uliotulia. Jaza bomba nusu, mimina tui lako, jaza iliyobaki.

Na bomba liwe halijawahi kuwekwa dawa ya kuua magugu. Hata kama umeliosha mara tano, nyanya inanusa.

Hatua ya 4: jaribu kwenye miche mitano

Piga miche mitano tu pembeni, subiri siku mbili. Aina za nyanya zinatofautiana, na mche wa kitaluni ni laini kuliko wa shambani, kule kitaluni mimi natumia nusu ya kipimo. Ukiona ncha zimekuwa kahawia au madoa kama ya mafuta yasiyokauka, punguza. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu wana haraka, halafu siku mbili hizo hizo wanakuja kuzilia.

Kingine: kama umepiga salfa (ile dawa ya ukungu), subiri wiki mbili ndo upige mafuta ya aina yoyote. Salfa na mafuta vikikutana juu ya jani jani linaungua, hilo halina majadiliano. Na ile tabia ya kuchanganya kila kitu bomba moja, dawa ya ukungu, booster (mbolea ya majani), mafuta, hapa iache.

Hatua ya 5: kupiga

Jioni kuanzia saa kumi na moja. Sababu ziko tatu: jua halitaunguza, nyuki wameshaondoka kwenye maua, na kantangaze ndo anaanza kutoka mafichoni. Mche usiwe na kiu, shamba lililokauka mwagilia asubuhi yake. Mvua ikinusa, ahirisha.

Geuza pua ya bomba iangalie juu, ingiza chini ya majani, panda nayo kutoka shina la chini kwenda juu. Nzi weupe, mayai, utitiri, wote wako chini ya jani. Mtu anayepiga juu juu akitembea haraka anaogesha shamba tu. Ukungu uwe mwembamba, jani lilowe lisichuruzike. Kila baada ya mistari miwili ruka ruka kidogo na bomba mgongoni, au litikise, mchanganyiko usitulie. Watoto wangu wanacheka wakiniona, ila mistari haiungui.

Bomba lililochanganywa limalizike siku hiyo hiyo.

Vaa glovu na miwani na shati la mikono mirefu. Watu wakisikia "ya asili" wanapiga vifua wazi. Mafuta ya karafuu ghafi yakiingia jichoni utajua kwanini nasema, na ngozini yanawasha mpaka yanatoa malengelenge kwa wengine.

Hatua ya 6: ratiba, kwa kufuata mtego

Weka mtego wa feromoni toka siku unahamisha miche: beseni la maji yenye sabuni kidogo na kile kivutio chenye harufu ya jike kinaning'inia juu yake, vipepeo madume wanakuja kutafuta mke wanazama. Hesabu kila asubuhi uandike hata kwenye simu. Namba ikianza kupanda ghafla, maana yake mayai yatakuja na yataanguliwa ndani ya siku chache, basi piga jioni hiyo, rudia siku ya tatu au nne, rudia tena. Namba ikishuka rudi kwenye mara moja kwa wiki. Kwa nzi weupe weka vibao vya njano vyenye gundi, na kwa utitiri chukua karatasi nyeupe, gonga jani juu yake, ukiona vidoti vyekundu vinatembea umeshachelewa kidogo ila bado unaweza, piga mara mbili ukiacha siku tano katikati kwa sababu ya mayai.

Peke yake mafuta hayatoshi kwa kantangaze, nikikuambia yanatosha nitakuwa nakuuzia. Mimi nafanya hivi: wiki moja makonyo, wiki inayofuata mwarobaini, na nikiona wamezidi naingiza Bt, yaani ile ya bakteria ambayo funza akila tumbo linaharibika. Majani yenye vyumba vya funza nayachuma kila nikipita, naweka kwenye mfuko mweusi, nafunga, unakaa juani siku kadhaa, kisha nafukia. Usiyatupe pembeni ya shamba, funza atamalizia kukua hapo hapo na kurudi. Mnavu, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo karibu na shamba ni nyumba ya pili ya huyu mdudu.

Faida ya kuzungusha hivi ni usugu. Brazil na Italia kantangaze ameshathibitishwa kuwa sugu hata kwa dawa za kundi la diamaidi, ambazo zilipokuja watu walisema sasa amekwisha. Mafuta yana kemikali nyingi ndani yake kwa pamoja, mdudu anapata shida kuzizoea zote, japo na yeye sio mjinga.

Hesabu

Ekari moja ya nyanya zilizojaa inakula kama mabomba 13 ya lita 15. Kwa mililita 25 kila bomba ni kama mililita 325 za makonyo kwa kupiga mara moja. Ukipiga mara 8 kwa msimu ni lita 2.6. Zidisha kwa bei ya pale ulipo ndo uamue. Kwa robo ekari, bustani ya nyumbani au kitalunyumba inalipa kabisa, sana sana ukikamua mwenyewe. Kwa mtu wa ekari tano, mimi ningemwambia ayatumie kitaluni na kuelekea mavuno, wakati ambao hutaki dawa za kusubiri siku nyingi, huko katikati aende na mwarobaini na Bt.

Ukishaona imekukubali usianze kufungasha kwenye chupa na kuwauzia majirani, dawa ya kuuza inasajiliwa TPHPA (mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu), ya kutumia shambani kwako ni jambo lingine.

Mavuno na kutunza

Acha kupiga siku tatu kabla ya kuchuma. Kuna mara nilipiga leo nikachuma kesho, mama ntilie mmoja akafungua tenga akanusa, akaniuliza "baba, hizi nyanya umezipikia pilau?" Nyanya hazikuwa na tatizo lolote ila alishusha bei.

Mafuta weka kwenye chupa ya kioo ya rangi, kabatini, giza. Chupa laini za plastiki makonyo yanazilainisha, na pampu ya bomba usipoiosha mpira wake unavimba, kwahiyo ukimaliza suuza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, piga hayo maji yapite mpaka kwenye pua. Chupa iandikwe na ikae juu ambapo mtoto hafiki, mafuta ya karafuu akinywa hata kidogo ini lake linaweza kuharibika, na akinywa usimtapishe, mkimbize hospitali ukiwa na chupa yenyewe mkononi.